Ndui, Kipindupindu na Sindano: Historia ya Wasiwasi wa Chanjo katika Unguja

Mnamo mwaka 1873 alifariki Ahmed bin Muhammad, Mwinyi Mkuu wa mwisho wa Wahadimu wa Unguja. Baba yake, Muhammad bin Ahmed, aliyejenga kasri la Dunga, alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minane kabla, mwaka 1865. Ahmed hakuacha mwana wa kiume wa kumrithi, na baada yake hapakutawazwa tena Mwinyi Mkuu mwingine. Tumezoea kueleza mwisho wa utawala huo kwa kutaja nguvu za Masultani wa Kibusaidi, ukuaji wa mji na biashara ya karafuu. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini kilichokata uzi wa mwisho hakikuwa jeshi wala mkataba. Mwinyi Mkuu Ahmed aliuawa na ndui.

Wakati huo dunia ilikwisha kuijua njia ya kujikinga na ndui kwa muda wa miaka 77. Tangu mwaka 1796 tabibu wa Kiingereza, Edward Jenner, alikuwa amethibitisha kwamba mtu akitiwa usaha wa ndui ya ng'ombe katika mchanjo mdogo wa ngozi, mwili wake hupata nguvu ya kuizuia ndui ya binadamu. Basi tunaposimama leo mbele ya magofu ya Dunga, swali linalotujia ni hili: elimu inayookoa roho inapokuwapo duniani, ni kitu gani hukaa kati yake na watu wanaoihitaji? Na kwa nini kitu hicho huwa kizito kwa watu wa aina moja na chepesi kwa watu wa aina nyingine?

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, tukianzia rasi ya Fumba. Tumeichagua Fumba kwa sababu ndani ya mipaka yake midogo msomaji ataona takriban aina zote za watu ambao bwana afya hukutana nao. Rasi hiyo iko kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, ikitazamana na visiwa vidogo vya Ghuba ya Menai. Vimo humo vijiji vya kale vya wavuvi na wakulima, kama Fumba yenyewe na Bweleo. Na katika miaka ya karibuni, hasa upande wa Nyamanzi, yamejengwa majumba mapya yanayokaliwa na watu waliotoka Mjini, Tanzania Bara na nchi za ng'ambo. Mvuvi anayelala kisiwani katika dago, mama anayeokota chaza maji yakitoka, mwanafunzi wa skuli, mzee wa baraza, mwashi aliyekuja kutafuta kazi na mgeni mwenye nyumba ya ghorofa, wote ni wakaazi wa rasi moja. Lakini habari ya chanjo haiwafikii kwa njia moja, wala hawaipokei kwa moyo mmoja.

Neno lenyewe

Ingefaa tuanze na neno. Lugha yetu haikukopa jina la kitendo hiki kutoka Ulaya. Kitenzi kuchanja tulikuwa nacho. Tunachanja kuni, na mganga wa kienyeji humchanja mgonjwa wake, yaani humkata chale ndogo na kumsugulia dawa ndani yake, ili kumtibu au kumkinga na balaa. Sindano na kisu cha daktari vilipofika, watu waliona kitendo wanachokijua na wakakiita kwa jina lake la zamani. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba watu wa pwani waliikataa chanjo kwa kuwa fikra ya kukinga mwili kwa kuuchanja ilikuwa ngeni kwao, hawakuisikiliza lugha.

Tofauti ilikuwa mahali pengine. Mganga huitwa, lakini bwana afya huja mwenyewe. Mganga hufuatwa na mwenye shida, baada ya jamaa kushauriana, na mara nyingi ni mtu ambaye ukoo wake unajulikana. Mchanjaji wa serikali alifika na karani na pengine na askari, akamtaka aliye mzima atoe mkono wake, na hakuwa na muda wa kuulizwa maswali. Mtu mgonjwa hukubali maumivu kwa tamaa ya kupona, lakini mtu mzima huombwa akubali maumivu madogo ya leo kwa ajili ya hatari asiyoiona. Ombi la namna hiyo haliwezi kukubaliwa ila na mtu anayemwamini mwombaji. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu wote.

Maradhi katika visiwa

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa, na bandari hupokea maradhi pamoja na bidhaa. Majahazi ya kaskazi yalileta watu kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Misafara ya bara ilileta pembe, na biashara ya kikatili ya watumwa ilijaza watu ndani ya vyombo kwa namna ambayo ugonjwa mmoja uliweza kuwamaliza kabla hawajafika nchi kavu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani mwaka 1886, aliitaja ndui miongoni mwa misiba iliyozoeleka visiwani.

Kipindupindu nacho kilipiga mara kadhaa. Katika mwaka 1869 kilishuka kutoka bara hadi Pangani, na kufikia mwisho wa mwaka huo kikaingia Unguja na kuua maelfu ya watu. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kilichotoka mwaka 1876. Jambo moja katika uchunguzi wake linatuhusu sana. Christie aliona kwamba kipindupindu hakikuwapiga watu wote sawasawa. Watumwa na mafukara waliokunywa maji ya visima vichafu walikufa kwa wingi. Mabaniani, ambao kwa kanuni za dini yao walijitekea na kujihifadhia maji yao wenyewe, waliguswa kidogo mno. Mgawanyiko wa jamii, kwa hiyo, ulionekana katika makaburi kabla haujaonekana katika takwimu za chanjo. Baadaye Sultan Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alivuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini.

Ulinzi wa Waingereza ulipotangazwa mwaka 1890, hatua za kuzuia maradhi zikawa kazi ya serikali, nazo zilikuja na sura ya amri. Kisiwa cha Changuu, kilichojengwa gereza katika miaka ya 1890, kikawa karantini ya wasafiri. Mtu aliyeonekana na dalili alitengwa na watu wake. Hatuwezi kusema kwamba hatua hizo hazikuwa na faida, kwani karantini imeokoa miji mingi. Lakini mwananchi wa Ng'ambo au wa shamba aliyaona mambo mawili pamoja: serikali iliyokuwa mbali naye katika elimu, ardhi na heshima, ilikuwa karibu naye sana siku ya kumkamata mgonjwa wake.

Tena liko jambo la ufundi ambalo wanafunzi wetu hawana budi kulijua. Dawa ya ndui ya zamani ilikuwa ya majimaji, nayo iliharibika upesi katika joto. Iliposafirishwa kwa meli wiki kadhaa na kisha kupelekwa mashamba bila barafu, mara nyingi ilifika imekufa. Mtu aliyechanjwa kwa dawa kama hiyo alipata kidonda bila ya kinga. Ndui ilipokuja ikampata, na majirani wakasema, kwa haki kabisa, kwamba fulani alichanjwa na bado akaugua. Tatizo hili halikumalizika mpaka miaka ya 1950, ilipopatikana njia ya kuikausha dawa ili istahimili joto. Kwa miaka mingi, basi, aliyesita hakuwa mjinga. Alikuwa akipima kwa ushahidi uliokuwa mbele ya macho yake.

Mumiani na uvumi mwingine

Pamoja na ushahidi wa macho palikuwapo uvumi. Watu wa pwani wanaijua hadithi ya mumiani. Asili yake neno hili lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa na wafanyabiashara wa Kiajemi na Kihindi. Lakini katika zama za ukoloni likapata maana ya kutisha, yaani mtu anayewakamata wenziwe usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa ya wakubwa. Huko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hadithi kama hiyo iliwahusu wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 2000, na akatufundisha tusiyacheke. Ni kweli kwamba hapakuwapo gari la zimamoto lililonyonya damu za watu. Lakini palikuwapo utawala uliochukua nguvu za watu, kodi zao na mazao yao, kisha ukaja na sindano. Uvumi ulikuwa njia ya wanyonge ya kuuliza: hawa wanaochukua kila kitu, mbona leo wanatoa bure?

Swali hilo halikufa na ukoloni. Mwaka 2014 nchini Kenya kampeni ya chanjo ya pepopunda iliwalenga wanawake wa umri wa kuzaa. Sababu ya kitabibu ilikuwa nyepesi: mama aliyechanjwa humkinga mtoto mchanga asipate pepopunda ya kitovu. Lakini kwa kuwa waliochaguliwa walikuwa wanawake peke yao, maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa tuhuma kwamba dawa hiyo ilikuwa na kitu cha kuzuia uzazi. Serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya afya ya Umoja wa Mataifa yalikanusha, lakini wasiwasi ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Waafrika tu. Uingereza, nchi ya Jenner mwenyewe, iliwalazimisha wazazi kuchanja watoto wao kwa sheria ya mwaka 1853. Katika mwaka 1885 watu wengi sana waliandamana katika mji wa Leicester kuipinga, na mwaka 1898 Bunge likaruhusu mzazi mwenye pingamizi la dhamiri asishurutishwe. Katika Rio de Janeiro mwaka 1904 wakaazi wa mji walifanya ghasia kwa siku kadhaa kwa sababu ya sheria ya chanjo ya ndui, katika mwaka ambao serikali yao ilikuwa pia ikizibomoa nyumba za maskini. Kila mahali tunaona jambo lile lile: anayelazimishwa bila ya kuheshimiwa hupinga, hata kama anacholazimishwa kina manufaa.

Ni nani anayesita, na kwa nini?

Sasa turudi Fumba na tujiulize ni nani hasa husita. Kosa kubwa la wengi wanaojadili suala hili ni kuwaweka katika kundi moja watu wote ambao hawakuchanjwa. Kwa kweli wako watu wa namna tatu. Yuko anayekataa, ambaye amekwisha kuamua moyoni kwamba chanjo ni mbaya. Yuko anayesita, ambaye hajaamua, naye anangoja kuona wenziwe watafanyaje. Na yuko anayekosa, ambaye angekubali lau dawa ingemkuta. Karani huwaandika wote watatu kwa alama moja. Lakini dawa ya kila mmoja ni mbali na ya mwenziwe.

Tuchukue kazi ya mtu. Mvuvi wa Ghuba ya Menai huenda dago, akakaa siku nyingi katika visiwa kama Kwale na Pungume, akifuata maji na upepo. Wachanjaji wakifika kijijini saa tatu asubuhi, yeye yuko baharini. Wakirudi wiki ya pili kwa kipimo cha pili, yuko kisiwa kingine. Atahesabiwa kuwa mkaidi, na hali hakuulizwa. Hili si jambo dogo. Mlipuko wa kipindupindu ulioandikwa kuwa wa kwanza Zanzibar katika zama hizi za karibuni ulitokea mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi. Waliugua watu 411, na 51 kati yao wakafariki dunia. Anayehitaji kinga kuliko wengine ndiye aliye mgumu kuliko wengine kumpata nyumbani.

Ama kuhusu jinsia, kazi ya kumpeleka mtoto kituo cha afya kwa desturi yetu imewekwa juu ya mama. Yeye ndiye anayefahamu kadi ya mtoto, na ndiye anayekesha mtoto anapopata homa baada ya sindano. Lakini katika nyumba nyingi kauli ya mwisho ni ya baba, ambaye hakuwapo kituoni wala hakuyasikia maelezo. Mama aliyeelewa humkuta mume asiyeelewa. Tena chanjo zinazowalenga wanawake na wasichana peke yao huamsha hofu ya utasa. Katika mwezi wa Aprili 2018 Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana wa umri wa miaka 14. Wazazi wengi waliuliza: kwa nini msichana na si mvulana? Hilo ni swali la haki, na jibu lake lipo, kwamba saratani hiyo huwapata wanawake, na kwamba chanjo hufaa zaidi ikitangulia kabla ya ndoa. Mzazi aliyejibiwa kwa utulivu alikubali mara nyingi kuliko mzazi aliyeambiwa kuwa hana elimu.

Kuhusu umri, tunaona mgeuko wa ajabu. Zamani wazee ndio waliotajwa kuwa wazito. Leo wazee walioishi wakati wa ndui, ambao wengine wana kovu la chanjo mkononi na waliona nyuso zilizochimbika kwa ugonjwa huo, hawahitaji kushawishiwa sana. Vijana hawajapata kuona ndui wala mtoto aliyepooza kwa polio. Ugonjwa ukishakimbizwa na chanjo, kinachobaki kuonekana ni maumivu ya sindano. Hivyo chanjo hudhurika kwa ushindi wake yenyewe, na kazi ya kumbukumbu inakuwa sehemu ya kazi ya afya.

Ama elimu, mtu angetazamia kwamba kadiri mtu anavyosoma ndivyo anavyokubali. Si hivyo kila mara. Asiyejua kusoma husikia uvumi wa barazani, lakini msomi naye husoma uvumi ulioandikwa kwa lugha ya kitaalamu, na huuamini zaidi kwa sababu ameuchagua mwenyewe. Mkaazi wa nyumba mpya za Fumba aliyetoka ng'ambo huenda akawa na mashaka makubwa kuliko jirani yake mvuvi.

Na dini je? Wako wanaosema kwamba Uislamu wa visiwani ni kizuizi. Historia haikubaliani nao. Kila Mwislamu anafundishwa kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni wala asitoke ndani yake, na kwamba kumtegemea Mungu hakuondoi wajibu wa kufunga mnyama wako kwanza. Aidha, wanaokwenda Makka kuhiji hutakiwa na Saudi Arabia kuchanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, baada ya ugonjwa huo kuwaathiri mahujaji mwaka 1987. Wazee wetu wa kila kijiji huipokea sindano hiyo bila ya manung'uniko, kwa sababu wanaijua safari inayowangoja na wanawaamini wanaowaongoza. Mkono ni ule ule na sindano ni ya namna ile ile. Kilichobadilika ni maana ya kitendo na imani kwa anayekiomba.

Funzo la mwaka 2009

Hapa Zanzibar tunao ushahidi mzuri wa haya tunayoyasema. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na wataalamu wengine, ilitoa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, vipimo viwili, katika sehemu sita za Unguja na Pemba zilizokuwa zikisumbuliwa na ugonjwa huo. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamewauliza watu wazima wa Chumbuni, pembezoni mwa mji wa Unguja, na wa Mwambe huko Pemba kama wangeikubali dawa hiyo ikitolewa bure. Zaidi ya tisa katika kila kumi walisema ndiyo.

Siku zilipofika, kati ya watu 48,178 waliostahiki, waliokunywa vipimo vyote viwili walikuwa 23,921, yaani nusu tu. Kipindupindu kikalipuka mwaka huo huo, na wataalamu wakapata nafasi ya kupima. Ikaonekana kwamba chanjo ilipunguza hatari ya ugonjwa kwa waliokunywa kwa kiasi cha asilimia 79, na kwamba hata majirani wao ambao hawakunywa walipata nafuu pale ambapo waliokunywa walikuwa wengi.

Tuyatafakari matokeo hayo. Kati ya ndiyo iliyotamkwa na kikombe kilichonywewa palikuwa na pengo kubwa. Pengo hilo haliwezi kuitwa ukaidi, maana hao hao walikwisha kusema kwamba wanaitaka dawa. Katika pengo hilo yumo mchuuzi asiyeweza kuacha biashara yake asubuhi mbili, yumo mvuvi, yumo anayengoja kuona kama jirani atadhurika, na yumo aliyedhani kipimo kimoja kinatosha. Hawa ndio wengi, na hawa hawavutwi kwa karipio. Huvutwa kwa kuongezewa siku, kwa kupelekewa dawa diko na kisiwani, na kwa kuelezwa na mtu wanayemfahamu, awe sheha, mwalimu wa skuli au mwalimu wa chuo.

Mwaka wa kauli mbili

Jaribio kubwa zaidi lilitufika wakati wa maradhi ya UVIKO-19. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliwatahadharisha wananchi juu ya chanjo za kigeni. Tarehe 17 Februari Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba alipata ugonjwa huo. Rais Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi. Tarehe 28 Julai ya mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa kusini ya Unguja, alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam na kuzindua kampeni ya taifa.

Mwananchi, basi, alisikia kauli mbili katika miezi sita. Si ajabu kwamba watu walisita. Vijana walisema huu ni ugonjwa wa wazee. Wanawake waliotarajia kuzaa walihofia uzazi wao. Waliohitaji hati ya chanjo kwa ajili ya kazi au safari walitangulia, na wasiohitaji wakangoja. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliokamilisha chanjo Tanzania hawakufika mmoja katika kila kumi. Lakini kufikia mwanzo wa mwaka 2023 walikuwa takriban nusu ya watu wote. Mabadiliko hayo hayakuletwa na vitisho. Wachanjaji walitoka hospitalini wakaenda sokoni, vituo vya mabasi na nyumba kwa nyumba, wakifuatana na viongozi wa mitaa na wa dini. Kwa maneno mengine, bwana afya alijifunza kubisha hodi.

Mpishi wa Merka

Kabla hatujafunga, inafaa tumkumbuke mtu mmoja wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, upande wa Banadiri. Mwezi wa Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merka huko Somalia, alipanda gari kwa dakika chache ili kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwahamisha wagonjwa wawili wa ndui. Ijapokuwa alikuwa akifanya kazi hospitalini, hakuwa na kinga ya chanjo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano. Akaugua, akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizo. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka ulimwenguni.

Maalin hakuificha hofu yake. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya polio nchini mwake, akienda kwa wazazi wenye wasiwasi na kuwaeleza kwamba yeye naye aliogopa, na yaliyompata. Alifariki mwezi wa Julai 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo. Kwa mzazi mwenye hofu, maneno ya mtu aliyewahi kuogopa yana uzito kuliko maneno ya mtu asiyejua hofu ni nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba kusita kwa watu mbele ya chanjo kuna sura nyingi, kwa kufuata kazi, jinsia, umri, makaazi na historia ya kila kundi. Tumeona pia kwamba nyuma ya sura hizo kuna maswali machache ambayo watu wetu wamekuwa wakiyauliza tangu zamani: Nani analeta? Kwa nini mimi? Kwa nini bure? Na nikidhurika nitamwendea nani? Taifa linalotaka kukinga watoto wake haliwezi kuyakwepa maswali hayo, hasa kwa vile Zanzibar imejiwekea mpango wa kukiondoa kipindupindu katika kipindi cha mwaka 2018 hadi 2027. Na maradhi hayangoji. Surua, kwa mfano, huenea kwa wepesi mno hata ikahitajiwa watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga ili isipate njia. Watoto wachache wa dago moja waliosahauliwa wanatosha kuufungulia mlango.

Kwa walimu tunapenda kushauri kwamba somo hili lifundishwe katika historia kama linavyofundishwa katika elimu ya viumbe. Mwanafunzi wa Fumba, wa Makunduchi au wa Mji Mkongwe na aende kwa bibi yake akamwulize aliona nini wakati wa ndui, mkono wake ulichanjwa na nani, na alihofu nini siku hiyo. Ataporudi na majibu darasani, atakuwa amekusanya historia ambayo haimo katika majalada ya serikali, na pengine atakuwa amelizungumza nyumbani jambo ambalo halijapata kuzungumzwa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwinyi Mkuu Ahmed aliiacha dunia bila ya kinga na bila ya mrithi, na pamoja naye ukazimika utawala wa Wahadimu. Sisi tulio hai tumepewa alichokosa yeye. Tukipeleke, basi, mpaka Kwale na Pungume, tukikumbuka kubisha hodi kwanza na kungoja tukaribishwe.